Kampala: Kilima, Bonde na Hati ya Nyumba

Jiji la Kampala limelala juu ya vilima, kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mgeni anayeingia kwa mara ya kwanza huvutwa na uzuri wake: makanisa makubwa juu ya Rubaga na Namirembe, misikiti ya Kibuli na Kampala ya Kale, na mapaa ya nyumba yaliyochanganyika na migomba. Lakini mtu anayekuja kununua nyumba hana budi kuutazama mji huo kwa jicho jingine. Kati ya kilima na kilima mna bonde, na bondeni mna maji. Katika Kampala, suala la kuchagua mtaa wa kuishi huanzia hapo.

Suala hilo ni zito zaidi kwa askari. Kwa miaka ishirini au zaidi makao yake huamuliwa na wakubwa wake: leo Mbuya, kesho Gulu, mwaka ujao Mbarara. Nyumba ya kambini haichaguliwi, hugawiwa. Jirani naye hachaguliwi. Bomba likipasuka, yupo wa kupelekewa taarifa. Ndipo siku ya kustaafu inapofika, kiinua mgongo kikaingia benki, na mtu ambaye hajawahi kuchagua hata mlango wa nyumba yake akatakiwa kuchagua mahali watakapokulia watoto wake na atakapozeekea yeye mwenyewe. Fedha hiyo hailipwi mara mbili.

Watu waliotangulia katika mji huo walichagua kwa makini. Kabaka alikuwa na makao yake juu ya Mengo. Desemba 1890, Kapteni Frederick Lugard alipowasili na askari wake, alipiga kambi juu ya kilima kidogo ambacho leo huitwa Kampala ya Kale. Wamisionari wa Kiprotestanti walikaa Namirembe, na Wakatoliki Rubaga. Baadaye Waislamu wakawa na kilima cha Kibuli, katika ardhi iliyotolewa na Mwanamfalme Badru Kakungulu. Wote hao walitofautiana katika mengi, tena mara nyingine kwa bunduki, lakini katika jambo moja walikubaliana: hakuna aliyejenga makao yake makuu bondeni.

Serikali ya kikoloni iliufuata mpango huo na kuutia ubaguzi. Wazungu walitengewa Nakasero na Kololo, penye upepo na mbu wachache. Wahindi waliwekwa karibu na maduka yao kwenye miteremko ya chini. Wafanyakazi Waafrika walijengewa baadaye nyumba ndogo ndogo huko Naguru na Nakawa, upande wa mashariki. Wengine wengi walijitafutia wenyewe vyumba Kisenyi, Katwe na Mulago, katika eneo la utawala wa Mengo ambako mipango ya manispaa haikufika. Uhuru wa Oktoba 9, 1962 uliuondoa ubaguzi wa rangi, lakini haukuiondoa bei. Hadi leo kilele ni cha mwenye nacho, na mwenye kipato kidogo huteremka.

Anayetaka kuelewa ateremkako aanze kwa kuyafuata maji. Mvua inayonyesha Kampala haiendi njia moja. Upande wa kusini huingia katika mtaro wa Nakivubo, ukapita katikati ya jiji na kando ya Namuwongo, ukaishia katika vinamasi na Ziwa Viktoria. Upande wa kaskazini maji hukusanyika katika mtaro wa Nsooba na kinamasi cha Lubigi, yakaufuata mto Mayanja kuelekea mto Kafu, na mwisho wake ni Nile. Hivyo matone mawili yaliyoanguka katika kilima kimoja huweza kuachana njia. Wahenga walisema kuwa maji hufuata mkondo. Aliyejenga katika mkondo huo amejenga, lakini maji hayakupata habari.

Bwaise ni somo la wazi. Mtaa huo uko kaskazini mwa jiji, mahali ambapo mitaro kadhaa hukutana kabla ya kuingia Lubigi. Mvua kubwa ikinyesha kwa muda wa saa moja tu, maji huingia vyumbani, na akina mama hupandisha magodoro juu ya meza. Katika nyumba nyingi mbele ya mlango pamejengwa ukuta mfupi wa kuzuia maji, hata mwenye nyumba huuruka kila atokapo. Vyoo vimeinuliwa juu na kuwekewa ngazi, kwa kuwa shimo haliwezi kuchimbwa. Futi chache tu chini ya udongo ni maji. Mafuriko yakija, uchafu wa vyoo hivyo huchanganyika na maji ya mtaro na kusambaa uani. Kipindupindu kilipoingia Kampala mwishoni mwa 1997, mitaa ya mabondeni ya namna hiyo ndiyo iliyoumia sana.

Hata hivyo si haki kuwacheka wakazi wa Bwaise. Wao nao walipiga hesabu. Soko la Kalerwe liko karibu, kodi ni nafuu, na mtu huweza kwenda kazini kwa miguu bila kulipa nauli ya matatu. Mpangaji anayehesabu hivyo hajakosea, maana mambo yakizidi hukunja mkeka wake na kuhama. Mnunuzi hana mkeka wa kukunja. Alichokinunua kitakaa pale pale, na atakapotaka kukiuza atamtafuta mtu ambaye hajaiona mvua.

Mtu huyo, kwa bahati mbaya, mara nyingi huwa ni askari aliyestaafu majuzi. Madalali humjua kwa mwendo wake. Humchukua Januari au Julai, wakati wa kiangazi, wakamwonyesha kiwanja cha futi 50 kwa 100, kikavu, chenye nyasi za kijani na bei inayomfanya aone kwamba amepata bahati.

"Afande, hapa maji hayafiki," dalali husema.

"Na zile nyasi mbona hazikauki?"

"Ni rutuba hiyo, Afande. Mama atalima mboga."

Jibu la kweli limo katika nyasi zenyewe. Ardhi isiyokauka wakati wa kiangazi ina maji chini yake. Mafunjo yakiwa karibu, au majirani wakiwa wamepanda magimbi, basi hicho ni kinamasi, hata kama mtu amemwaga malori kadhaa ya kifusi juu yake. Zipo na dalili nyingine. Ukuta wa jirani huwa na mstari wa tope uliobaki kutoka mvua zilizopita, na urefu wa mstari huo ndio urefu wa maji. Rangi huwa imebabuka chini na kubaki nzima juu. Vizingiti huwa vimeinuliwa. Anayeziona dalili hizo hana haja ya kubishana na dalali. Amwagie shukrani, aondoke, kisha arudi peke yake Aprili au Novemba, siku ya mvua, akiwa amevaa viatu vya mpira.

Sheria nayo imekaa upande wa maji. Katiba ya Uganda ya 1995 imeviweka vinamasi, pamoja na misitu ya hifadhi, mikononi mwa serikali kwa amana ya wananchi wote. Kwa muda mrefu wengi walilichukua jambo hilo kama maneno ya vitabuni. Mwaka 2024 wakazi waliokuwa wamejenga katika kinamasi cha Lubigi waliondolewa, na nyumba zao zikabomolewa. Miongoni mwao walikuwapo watu waliotoa fedha halali, walizozichuma kwa jasho. Uhalali wa fedha haukuihalalisha ardhi.

Maji si hatari pekee ya kuulizia. Kaskazini mwa jiji, Kiteezi, lilikuwapo jalala kuu lililopokea takataka za Kampala tangu 1996. Nyumba zilijengwa karibu nalo mwaka hadi mwaka, nalo jalala likazidi kupanda mpaka likawa mlima. Agosti 10, 2024, baada ya mvua kubwa, mlima huo uliporomoka juu ya nyumba, na watu zaidi ya 30 wakafa. Kwa hiyo mwenye kutafuta kiwanja asitazame kilichoko ndani ya mipaka yake tu. Apande mahali pa juu aone kilichoko juu yake, na ashuke aone kinachokwenda chini yake.

Baada ya maji huja hati, na hapo Kampala ina historia yake ya pekee. Mkataba wa 1900 kati ya Waingereza na Buganda uligawa ardhi kwa Kabaka, machifu na wakubwa wengine kwa kipimo cha maili za mraba. Kutokana na kipimo hicho likatoka neno mailo, linalotumika hadi sasa. Lakini ardhi iliyogawanywa haikuwa tupu. Wakulima walikuwa wakiishi humo, na sehemu ya kila mmoja iliitwa kibanja. Sheria ya 1928 iliweka kikomo cha kodi ambayo mwenye ardhi aliweza kuwatoza. Amri ya 1975 iliigeuza ardhi yote kuwa ya umma, na Katiba ya 1995 ikaurudisha umiliki wa mailo.

Matokeo yake ni kwamba kipande kimoja cha ardhi huweza kuwa na watu wawili wenye haki: mmoja mwenye hati, mwingine mwenye kibanja. Sheria ya Ardhi ya 1998 inamlinda mkazi aliyeitumia ardhi bila kupingwa kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba hiyo, na marekebisho ya 2010 yanakataza asifukuzwe ila kwa amri ya mahakama, kwa kosa la kutolipa kodi ya mwaka. Kwa hiyo aliyenunua hati bila kwenda kuiona ardhi huweza kukuta humo familia tatu, zenye makaburi na migomba, ambazo hana ruhusa ya kuziondoa. Na aliyenunua kibanja bila kumjua mwenye hati huweza kujikuta mgeni asiyetambuliwa, kwa sababu muuzaji wa kibanja hutakiwa kwanza ampe mwenye ardhi nafasi ya kukinunua.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la nyumba ni kuikagua hati katika ofisi ya ardhi, ili kujua kama jina ni la muuzaji na kama hakuna rehani wala zuio. Ni kumchukua mpimaji aoneshe mawe ya mipaka. Ni kwenda kwa mwenyekiti wa baraza la mtaa na kuwauliza majirani wa pande zote nne. Kadhalika ni kuhakikisha kuwa mke au mume wa muuzaji amekubali kwa maandishi, kwa maana sheria hairuhusu makao ya familia yauzwe bila ridhaa hiyo. Nyumba nyingi zimeuzwa na baba jioni, mama akazidai asubuhi mahakamani, na sheria ikawa pamoja naye.

Yakishakamilika hayo, limebaki la tatu, nalo ni watu. Kilomita 35 hivi kaskazini mwa Kampala uko mji wa Bombo. Huko palikuwa na kambi ya askari wa King's African Rifles, na wengi wa askari wa mwanzo walikuwa Wasudani walioletwa na Lugard kutoka magharibi ya nchi mwaka 1891, pamoja na familia zao. Walipomaliza utumishi hawakutawanyika. Walijenga karibu na kambi, wakaoza watoto wao kwa wenzao, na wajukuu wao ndio Wanubi wa Bombo wa leo, mashuhuri kwa vikapu vya rangi vinavyosukwa na wanawake wao. Bombo haukuwa na kilima cha fahari kama Kololo. Lakini mzee aliyeugua usiku alikuwa na mlango wa kubisha, na mjane alijua nani atamsomesha mwanawe.

Askari wa leo hawezi kila mara kukaa na wenzake wa kikosi, wala si lazima. Lakini swali la Bombo linamhusu: usiku wa manane, atabisha mlango gani? Swali hilo halijibiwi na dalali. Hujibiwa na mke anayekwenda mtaani alfajiri kuona foleni ya maji ni ndefu kiasi gani, akarudi saa za shule kuona watoto wanavuka barabara ipi, na jioni akasikiliza kelele zinatoka wapi. Muuza mboga wa kona atamweleza kwa muda wa kununua fungu moja la mchicha mambo ambayo hati haina: nani huibiwa, nani hugombana, na mvua iliyopita ilifika wapi.

Askari amefundishwa kazini kwamba hakuna kikosi kinachopiga kambi kabla ya kuikagua ardhi, maji yake na njia zake. Mafunzo hayo hayaishi siku anapovua sare. Kambi anayoitafuta sasa ni ya mwisho, na askari wake ni mkewe na watoto. Asione haya kuchelewa mwaka mmoja katika chumba cha kupanga, akingoja mvua mbili zipite juu ya kiwanja anachokitamani. Mvua ya kwanza itamwonyesha bonde, na ya pili itamwonyesha majirani, watakapotoka na majembe kuzibua mtaro wa pamoja. Mtaa ambao watu wake hutoka siku hiyo, basi nyumba ya kuutulizia moyo imo humo.