Mafundi wa Udongoni

Mwanadamu ni mwepesi wa kusifu ufundi mkubwa na mzito wa kuutambua ufundi mdogo. Humsifu nahodha, mwashi na mhunzi, lakini udongo aukanyagao huuona kuwa ni uchafu wa kuoshwa miguuni. Msomaji wangu, ndani ya udongo huo wamo mafundi ambao kazi yao imekwisha kuingia katika damu ya watoto wa Kwale.

Mimi ni mwalimu, na makazi yangu ni Chale, mkabala wa kisiwa kidogo chenye mikoko. Mvua ya kwanza inyeshapo baada ya kiangazi, ardhi yetu hutoa harufu njema. Wanafunzi wangu huidhani ni harufu ya maji. Kwa hakika, sehemu yake kubwa hutengenezwa na bakteria wa udongoni, hasa wa jamii iitwayo Streptomyces. Bakteria hana jicho wala mkono, bali ana vimeng'enya, na kwa hivyo hujenga vitu ambavyo mkemia hodari huona taabu kuviiga.

Katika miaka ya 1970, Satoshi Ōmura wa Japani alimpata bakteria mmoja wa jamii hiyo katika udongo wa nchi yake. William Campbell na wenzake nchini Marekani wakagundua kuwa hutoa kitu kiuacho minyoo. Kitu hicho kilibadilishwa kidogo, kikawa dawa ya ivamektini, na mwaka 2015 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 2023 dawa hiyo ilijaribiwa Kwale kwa kusudi jingine, kwani mbu amwumaye mtu aliyeimeza huweza kufa. Watoto wa miaka 5 hadi 15 waliimeza mara moja kwa mwezi kwa miezi 3. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2025 yalionyesha kuwa maambukizo mapya ya malaria kwao yalikuwa pungufu kwa asilimia 26 kuliko kwa wenzao waliopewa dawa nyingine. Chandarua hakikuachwa, bali kilipata msaidizi.

Je, bakteria aliupata wapi ufundi huu? Fikiri juu ya wasusi wa ukili walioketi safu moja. Mmoja huanza, na wengine 12 hupokezana, kila mmoja akiongeza chane yake, hata ukili ukamilike na kufungwa duara. Vimeng'enya vijengavyo asili ya ivamektini vimepangwa vivyo hivyo. Baada ya kipande cha kuanzia, sehemu 12 huongeza kila moja kipande chake chenye kaboni. Kisha mnyororo hufungwa kuwa pete, na vimeng'enya vingine huutia nakshi za sukari.

Safu hiyo haikutokea siku moja. Inafanana mno na vimeng'enya vijengavyo mafuta, hata mwilini mwako, na hiyo ni dalili ya asili moja. Zamani sana jeni moja ilinakiliwa mara mbili, mithili ya binti aketiye kando ya mama yake akasuka kama yeye. Nakala ikabadilika kidogo, ikachukua chane ya rangi nyingine. Mabadiliko mengi yalipotea bure. Machache yalileta manufaa, na bakteria aliyekuwa nayo aliishi akazaa. Tena jeni huweza kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, kama msusi aolewaye kijiji cha mbali akaenda na ufundi wake. Hakuna bakteria aliyekusudia lolote katika haya.

Lakini kanuni hii haina upendeleo. Mbu na vimelea vya malaria nao hubadilika, na abakiaye ni yule aliyestahimili dawa. Ndivyo klorokwini, iliyotegemewa na wazee wetu, ilivyoshindwa. Kwa hiyo hatuwezi kuridhika na dawa tulizo nazo. Yatupasa kutafuta nyingine, na sehemu moja ya kutafuta ni udongo.

Hapo ndipo thamani ya misitu yetu ya kaya inapozidi. Wazee waliilinda Kaya Kinondo kwa heshima, na mwaka 2008 ikaingizwa pamoja na kaya nyingine katika Urithi wa Dunia. Msitu ukifyekwa, twapoteza miti tuionayo na mafundi tusiowaona. Mti huweza kupandwa tena. Ufundi wa mamilioni ya miaka haupandwi. Basi, ewe kijana, jifunze kuusoma udongo kama usomavyo kitabu, wala usikubali kitabu hicho kichomwe kabla hakijafunguliwa.