Nani Atamsikiliza?

Miaka mingi ya utumishi wangu nimeitwa Mtaaluma, mpaka wapo wazazi Bukoba wasiojua jina langu hadi leo. Maana ya cheo hicho kwenye shule ya watu binafsi ni nyepesi: mtoto akifaulu, kafaulu kwa akili zake na dua za mama yake, akifeli, anatafutwa mtaaluma. Shule yetu ilikuwa ya msingi, ya Kiislamu, inayofundisha kwa Kiingereza, na ada yake haikuwa ya mchezo kwa mtu anayeishi kwa kahawa na ndizi. Aliyeilipa alitaka mambo mawili. Mtoto apate A za Baraza la Mitihani, na awe na Juzuu Amma ya Qur'ani kifuani. Yote mawili, kabla hajamaliza darasa la saba.

Sikuanzia hapo. Nilitoka Chuo cha Ualimu Katoke mwaka 1988 nikapangiwa shule ya serikali Muleba, upande wa Kamachumu. Kule juu baridi ni ya kweli na ukungu wa asubuhi hauna haraka ya kuondoka. Waislamu ni wachache, wengi ni Wakatoliki na Walutheri, na watoto wote tuliwafundisha pamoja bila shida. Kazi ya nyumbani ilikuwa hesabu tano au sita wanazonakili ubaoni, kwa sababu kitabu kimoja kiligombaniwa na dawati zima.

Madaftari ya Muleba niliyasoma mara mbili: kwanza majibu, kisha utomvu. Utomvu wa ndizi ukishika karatasi hautoki; unaanza kama maji, kesho yake ni doa la kahawia, wiki ijayo ni jeusi. Ukiona alama ya kidole gumba pembeni mwa hesabu ya tatu, ujue hapo mtoto aliitwa jikoni akamenye ndizi, akarudi na kisu bado mkono wa kushoto. Hesabu ya nne mwandiko umeshabadilika, kwa sababu giza limeingia na koroboi iko kwa wanaopika. Ya tano mara nyingi haipo. Walikuwapo walimu waliochapa kwa ajili ya ile ya tano.

Na wengi wa waliowaita jikoni walikuwa bibi zao. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi kutambuliwa Tanzania walikuwa watatu, mwaka 1983, katika Hospitali ya Ndolage, hapohapo Kamachumu. Nilipofika miaka mitano baadaye, kaburi jipya kwenye kibanja halikuwa habari tena. Kizazi cha katikati kilikuwa kinaondoka, kikimwachia mama mzee watoto wanne au watano. Mimi kijana wa chuo, na somo langu la mbinu za kufundishia, nilikuwa naandika chini ya kazi: "Mzazi asaidie."

Kulikuwa na mvulana wa darasa la nne ambaye daftari lake la hesabu lilirudi jeupe kila siku. Jioni alikwenda chuo cha Qur'ani kwa ustadh mmoja aliyefundishia barazani kwake, na ustadh akaniambia yule ndiye mwanafunzi wake bora, anamaliza An-Nabaa na An-Naziat bila kukwama. Nikaona ajabu. Jumamosi moja nikaenda kwao.

Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka uani, anachambua kahawa kavu, mbaya anatupa pembeni, nzuri anavuta kwake. Mtoto alisimama mbele yake akisoma kwa moyo. Bibi hakuwa akimtazama. Vidole vilikwenda tu juu ya kahawa. Ghafla vikasimama. Mtoto naye akasimama, akarudi nyuma aya moja, akaisoma upya, na vidole vikaanza tena. Hakuna neno lililosemwa. Nilipomuuliza kama anajua kusoma msahafu, akacheka. Hajui kusoma hata jina lake. Aliwasikia wanawe watatu wakihifadhi palepale uani, mmoja baada ya mwingine, na sasa wote hawapo.

"Bibi," nikamwambia, "basi na hesabu zangu mkazanie hivyohivyo."

"Waitu mwalimu," akasema, "hesabu zako hazisemi. Nitamsikiliza nini?"

Nilicheka siku ile. Ilinichukua miaka kuona kwamba nilikuwa nimeambiwa jambo ambalo Katoke hawakunifundisha.

Mwaka 2002 ulikuja mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, MMEM, michango ikafutwa, watoto wakamiminika hadi darasa moja likapita mia. Kusahihisha madaftari mia kila usiku ni hadithi. Tulikuwa tunawaambia wabadilishane wasahihishane wenyewe. Mwaka 2006 niliitwa mjini Bukoba kwenye ile shule ya Kiislamu, nikaenda.

Asiyejua historia ya Bukoba anaweza kushangaa kwa nini wazazi wale walikuwa na kiu ile. Uislamu uliingia kwetu na wafanyabiashara wa pwani, waliokuwa na kituo chao Kafuro, Karagwe, tangu karne ya 19. Lakini shule zilikuja na misheni: Kashozi mwaka 1892, kisha Rubya na nyingine. Mzazi Mwislamu alikuwa na uchaguzi mgumu, ampeleke mtoto akasome na huenda akarudi na jina jingine, au akae naye nyumbani. Jumuiya ya East African Muslim Welfare Society (EAMWS), iliyoanzishwa mwaka 1945, ilijenga shule za Waislamu Afrika Mashariki. Desemba 1968 ikapigwa marufuku, BAKWATA, baraza jipya la Waislamu, ikashika nafasi yake, na Sheria ya Elimu ya 1969 ikaiwezesha serikali kuzitwaa shule za madhehebu yote. Sera ya Elimu ya 1995 ikapanua tena mlango kwa watu binafsi na taasisi za dini. Kwa hiyo mzee aliyenishika mkono getini mwaka 2006 na kuniambia "msituangushe" hakuwa anazungumzia mtihani wa mwezi huo. Alikuwa anazungumzia babu yake.

Kiu hiyo ilikuwa na gharama, na aliyeilipa alikuwa na miaka tisa.

Siku ya shule yetu ilianza saa moja na nusu kwa Qur'ani, kisha masomo ya serikali hadi saa tisa na nusu, swala ya Adhuhuri katikati. Katika muhula wangu wa kwanza kama mtaaluma niliwaomba watoto wa darasa la nne waniachie mezani kila walichopewa kufanya jioni ile. Hesabu, ukurasa mzima. Kiingereza, kujaza nafasi. Sayansi, kuchora na kutaja sehemu za ua. Kiarabu, kunakili mistari. Maarifa ya Uislamu, nguzo za swala. Hifdhi, aya kumi mpya na kurudia za juzi. Kila mwalimu alikuwa amehesabu lake peke yake, na kila mmoja, ukimuuliza, alikuwa ametoa "kidogo tu". Mtoto yuleyule alipofika nyumbani Kashai au Hamugembe alikuwa ameshatumia mwanga wa siku.

Niliweka utaratibu: masomo mawili tu kwa jioni, na siku yenye aya mpya kusiwe na zoezi refu. Alhamisi na Ijumaa, ambazo vyuoni tangu zamani ni za mapumziko, zisiwe na hifdhi. Mudir wetu, mkuu wa shule, alikubali upesi. Yeye mwenyewe alikuwa mhifadhi na alijua kichwa kilichochoka hakishiki aya. Mwalimu wa hesabu ndiye aliyenuna. Lakini upinzani wenyewe ulitoka nilikokuwa siutarajii, kwa wazazi.

Katika mkutano wa kwanza baba mmoja alisimama, akatoa salamu kamili, akamsalia Mtume, kisha akasema: "Ndugu mtaaluma, mtoto wangu anafika nyumbani, anamaliza kazi, anacheza. Mimi nalipia acheze?" Ukumbi mzima ukamwitikia. Mkoani kwetu mizani haikuwa mbali. Shule ya sekondari ya Kaizirege ilipokuwa ya kwanza kitaifa katika mtihani wa kidato cha nne wa 2014, ilikuwa kama kila shule ya Bukoba imewekewa deni. Wazazi walipima shule kwa uzito wa begi.

Aliyenisaidia ni mama mmoja muuza mitumba sokoni. Alisimama bila kuitwa. Akasema yeye Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu, kazi ikija anampeleka mwanawe kwa kijana wa jirani aliyemaliza kidato cha nne, anamlipa, kijana anaandika, mtoto anasinzia pembeni. "Sasa mnaponipa tiki, mnampa nani?" Watu wakacheka, lakini nilimjua kijana huyo. Mwandiko wake ulikuwa kwenye madaftari ya karibu nusu ya darasa la tano, tena mwandiko mzuri. Nilikuwa nimefikiria hata kumwajiri.

Kisha likaja tetemeko. Jumamosi, Septemba 10, 2016, saa tisa na dakika 27 alasiri, darasa la saba wakiwa ndio kwanza wametoka kwenye mtihani wao. Ukubwa wake ulikuwa 5.9. Ihungo na Nyakato, shule ambazo zimesomesha wakubwa wa nchi hii, majengo yalianguka au yakawa hayafai. Hamugembe nyumba za matofali ya udongo zilikaa chini zote upande mmoja wa njia. Watoto wetu wengi walilala chini ya maturubai, wengine bila daftari hata moja. Ni nani ungemwambia alete kazi?

Wiki zile tulifanya kilichowezekana. Mtoto anaondoka na kitu kimoja cha kusema, si cha kuandika: jedwali la saba, kwa nini mwezi hubadilika umbo, hadithi fupi aliyoisoma darasani, aisimulie kwa Kihaya akitaka, kesho atuletee kwa Kiingereza. Na aya zake kama kawaida. Asubuhi swali lilikuwa moja: nani alikusikiliza? Nikasikia majibu ambayo sijawahi kuyasikia katika miaka yote ya kuomba sahihi. Bibi. Dada wa kazi. Mlinzi wa duka. Kaka anayeendesha bodaboda, alinisikiliza tukiwa njiani. Yule bibi wa Kamachumu alikuwa ameshafariki zamani, nami sikuwa na wa kwenda kumwambia.

Tuliporudi madarasani sikukubali tuache. Kwenye dayari, mahali palipoandikwa "sahihi ya mzazi", tukaandika "aliyemsikiliza". Kazi za kuandika za darasa la tano hadi la saba tukazifanyia shuleni, saa moja ya prepo chini ya mwalimu, kabla mtoto hajaondoka. Sisemi kwamba masikio yanatosha. Tangu 2012 mtihani wa darasa la saba ulikuwa wa kusiliba majibu kwenye karatasi za kompyuta, na mashine haimsikilizi mtu. Mtoto lazima ashike penseli, arudie, azoee muda. Wenzangu waliosema hivyo walikuwa na hoja, na ndiyo maana prepo ilibaki ngumu kwelikweli. Nilichokataa ni kuipeleka kazi ile ngumu kwenye nyumba isiyo na wa kuisaidia, kisha kumchapa mtoto kwa umaskini wa nyumba hiyo.

Kuhusu fimbo nitasema machache. Kanuni ziko wazi tangu zamani: viboko visizidi vinne, atoe mwalimu mkuu au aliyemteua kwa maandishi, viandikwe kitabuni. Shule nyingi nilizozijua kitabu hicho kilikuwa kipya kabisa. Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano hapahapa Bukoba alifariki baada ya kupigwa shuleni, kesi ikafika Mahakama Kuu, nchi nzima ikasoma. Asubuhi baada ya kifo hicho fimbo ofisini kwetu zilitoweka bila kikao. Mwalimu mmoja aliniuliza, kwa dhati kabisa, sasa tutawafanyaje wasiofanya homuweki. Nikamwambia ampunguzie, aone.

Nilistaafu mwaka 2024, mwaka ambao mtaala mpya ulianza kuingia madarasani. Siku hizi kazi zinatumwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, picha ya ubao saa tatu usiku, na wanaojibu kwanza ni walioko Dar. Lakini simu imeleta na lingine: mama aliye kazini Muscat anatumiwa sauti ya mwanawe akisoma aya, naye anarudisha sauti, hapo umeruka neno, rudia. Mtaaluma aliyenirithi ni kijana hodari, anapenda takwimu, na begi limeanza kunenepa upya. Safu ya "aliyemsikiliza" bado ipo kwenye dayari, nadhani kwa sababu zilichapwa nyingi mno.

Mjukuu wangu yuko darasa la tatu palepale. Juzi, msimu wa kunasa senene, wenzake wote wako nje na taa na mabati, yeye kaleta maswali ishirini ya kugawanya na aya kumi za Surat Abasa. Aya nilimsikiliza zote. Hesabu nikamwambia achague tano, kisha nikaandika kwenye dayari kwamba nyingine babu amezizuia, na anayetaka maelezo namba yangu ya simu anayo. Mtoto akachukua ndoo akatoka mbio kabla sijaweka sahihi.