Bawaba ya Kasha

Kasha la msaji alilotuachia marehemu mama lilikatika bawaba, nasi tulikuwa tumemwahidi binti yetu kwenda nalo kwa mumewe. Tundu jipya lilitakiwa ndani, pembeni kabisa, ambapo keekee ya umeme haifiki kwa unene wake. Kwa ujuaji wangu nikaiinamisha. Ncha ikateleza, ikauchubua ubao. Mama watoto alikuwa akitazama.

Ndipo nikatwaa msumari mwembamba, nikaukata kichwa, nikainoa ncha kwa tupa ikawa bapa, nikaufunga uzi wa kupimia kina usije ukatokeza nje. Nikauzungusha kwa koleo, kidogo kidogo, mpaka adhuhuri. Parafujo nikaipaka sabuni, ikaingia pasi na kupasua.

Mkwaruzo ungalipo. Binti ameomba nisiupige msasa.