Fedha, Deni na Jirani: Kazi ya Mratibu Kakuma na Kalobeyei

Uratibu wa misaada ya kujikimu, yaani kazi ya kupanga shirika gani litasaidia kaya zipi, kwa kiasi gani na kwa njia gani, ili kaya moja isipokee mara tatu huku jirani yake akikosa kabisa, ndiyo kazi iliyochukua sehemu kubwa ya maisha ya mwandishi wa tawasifu hii. Aliifanya katika Kaunti ya Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, kwanza katika kambi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992 vijana na watoto waliokimbia vita vya Sudan walipoingia nchini, na baadaye katika makazi ya Kalobeyei, yaliyofunguliwa mwaka 2016 kwa nia ya kuwafanya wakimbizi na Waturkana watumie shule, hospitali na masoko yale yale.

Alianza kazi hiyo wakati ambapo mgao wa chakula, uliopimwa kwa mkebe na kupokewa kwenye foleni ndefu, ulikuwa unaanza kupisha fedha. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianzisha Bamba Chakula, utaratibu wa kutuma thamani ya sehemu ya mgao kwenye laini ya simu ya kila kaya, nayo thamani hiyo haikuweza kutolewa kama fedha taslimu wala kutumika popote isipokuwa kwa wafanyabiashara waliosajiliwa, na kwa chakula tu. Huko Kalobeyei, ambako kiasi kilipangwa kuwa shilingi 1,400 kwa mtu kwa mwezi, utaratibu huo ulibeba karibu mgao wote. Wafanyabiashara waliokuwa wakinunua mahindi ya msaada kwa bei ya kutupa walianza kuagiza bidhaa kutoka Kitale na kushindania wateja, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini kaya iliyohitaji kuni, sabuni au nauli ya kumfikisha mgonjwa hospitalini ilibaki na njia ile ile ya zamani, yaani kuchukua unga dukani na kuuuza nje ya duka kwa hasara. Kwa maoni ya mratibu, sharti la chakula pekee liliwatuliza wafadhili zaidi ya lilivyomlinda mkimbizi, kwani mama mwenye unga asiye na kuni hajapikia mtu.

Jambo ambalo majedwali ya mashirika hayakulionyesha ni deni. Katika duka la kawaida la Kalobeyei, lililojengwa kwa mabati na kufungwa wavu mbele, mwenye duka alikuwa na daftari la shule lenye majina ya wateja, na mbele ya kila jina mafuta, sukari, maharagwe na unga vilivyochukuliwa kabla ya fedha kuingia. Siku fedha zilipoingia, sehemu kubwa ilikwenda kufuta kurasa za mwezi uliopita, kisha ukurasa mpya ukafunguliwa jioni ile ile. Kalobeyei ilipohamishiwa fedha taslimu mwaka 2019, kwa akaunti za benki na bila sharti la duka, ilitarajiwa kwamba mteja angekuwa huru kununua atakako. Badala yake kadi za benki zilionekana zimefungwa kwa mpira nyuma ya kaunta, pamoja na namba zake za siri, zikiwa rehani. Katika vikao vya uratibu lilitolewa pendekezo la kuwachukulia hatua wenye maduka wote waliokutwa na kadi, na mratibu alilipinga, si kwa kuwa aliona kuweka kadi ya mtu mwingine ni haki, bali kwa kuwa malipo yalipochelewa ni daftari hilo lililolisha watoto, na kulifunga bila kuhakikisha tarehe ya malipo ni sawa na kuwanyima wadaiwa chakula cha wiki mbili za mwisho wa mwezi.

Upande wa jamii mwenyeji, yaani wakazi wa eneo linalowapokea wakimbizi, hesabu ilikuwa ngumu zaidi. Waturkana wengi jirani na kambi walipata kipato kwa kuuza kuni na makaa, mengi yakitokana na mathenge, mti wa miiba uliotapakaa kando ya lagha, yaani mito ya msimu, na wengine walibadilisha kuni kwa chakula cha mgao, hivyo kila mgao ulipopunguzwa njaa iliwafikia wao pia ingawa majina yao hayakuwa katika orodha yoyote ya kambi. Wazee waliuliza katika mabaraza kwa nini mgeni apate zaidi ya mwenye ardhi, na swali hilo lilikuwa na msingi: mpango wa serikali wa kukabiliana na njaa katika kaunti za Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir ulifikia kulipa shilingi 5,400 kwa kaya kila miezi miwili, ilhali kaya ya wakimbizi watano huko Kalobeyei ilihesabiwa shilingi 7,000 kwa mwezi mmoja. Jibu la mratibu, ambalo halikumridhisha kila mzee, lilikuwa kwamba Mturkana ana mbuzi, malisho na ruhusa ya kwenda Lodwar au Eldoret kutafuta kibarua, ilhali mkimbizi alihitaji kibali hata kutoka kambini, na akiajiriwa na shirika alilipwa posho badala ya mshahara. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 ilitambua haki ya kufanya kazi, lakini karatasi za kuitumia haki hiyo zimekwenda polepole.

Kuhusu mafunzo ya ushonaji na utengenezaji wa sabuni, yaliyotolewa kama sehemu ya misaada ya kujikimu, hakuna mengi ya kusema. Mafundi walizidi wateja.

Jedwali la uratibu lilikuwa na safu za shirika, kaya, kiasi na mwezi. Safu ya deni iliongezwa kwa pendekezo la mratibu, nayo mashirika mengi yaliendelea kuiacha wazi, kwa kuwa hapakuwa na mfadhili aliyeiulizia.