Haluli ya Mjomba

Wazee wa pwani na visiwani walikuwa na neno moja lililotosha: haluli. Chumvi ile chungu ilikorogwa katika bilauri ya maji, akapewa mtoto aliyevimbiwa au mtu mzima aliyejihisi mzito. Mwenye kuinywa hakuulizwa maswali. Aliachwa nyumbani karibu na choo, na jioni alipotoka amelegea aliambiwa kuwa sasa tumbo limesafika. Palikuwa pia na sanamaki, na mafuta ya mbarika ambayo watoto waliyakimbia kwa harufu yake tu. Shabaha ya dawa hizo zote ilikuwa moja, mtu ajisikie mwepesi. Hapakuwa na haja ya kuona ndani.

Mzee mmoja wa Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, alidhani kuwa vidonge alivyopewa katika hospitali moja ya Dar es Salaam ni haluli ya namna hiyo hiyo. Alikuwa mwalimu mstaafu, amekwisha kupita miaka sabini, mkulima wa maharage na kabichi. Kwa miezi mitano alikuwa akiona damu chooni, na kwa miezi mitano hakumwambia mtu. Aliyegundua ni binti wa dada yake, akaaye Kihonda, mjini Morogoro, siku alipofua shuka alizolalia mgeni wake. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba hupendwa na kuogopwa kwa pamoja. Mpwa wa kike hamhoji mjomba wake habari za msalani. Mwanamke yule alikaa na jambo lile siku mbili, kisha akaingia na chai, akapiga magoti.

"Shikamoo, Mjomba. Shuka zimenieleza."

Mzee alinyamaza mpaka chai ikapoa. Ndipo safari ya hospitali ilipoanza. Daktari alitaka utumbo mpana utazamwe kwa kamera, kipimo kiitwacho kolonoskopi, na ili kamera ione sharti utumbo uwe mtupu. Mzee akapewa vidonge vinne vya bisakodili, pakiti za unga wa kuyeyusha katika maji mengi, na karatasi ya maelekezo.

Mara ya kwanza mambo yaliharibika. Mchana wa siku ya kuamkia kipimo mzee alikula maharage, kwa kuwa njaa ilimuuma na karatasi ilikuwa mfukoni. Jioni, pale Kihonda, alimeza vidonge kwa kikombe cha maziwa ya mbuzi. Mgeta ina mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway, walioletwa kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo katika miaka ya 1980, na mzee huamini kuwa maziwa yao hulainisha kila dawa. Usiku alisokotwa na tumbo, akatapika. Maji ya dawa aliyanywa nusu tu, kwa hofu ya kuaibika asubuhi katika treni ya umeme, ile iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024. Kidonge chake cha presha, cha aina inayotoa maji mwilini, hakukisahau. Alifika akiona kizunguzungu.

"Choo kikoje, mzee?" muuguzi aliuliza.

"Salama, mwanangu," akajibu kwa adabu zake zote.

Kamera haikuona kitu ila tope. Akarudishwa nyumbani na tarehe nyingine.

Karatasi ilisema asinywe maziwa, lakini haikusema kwa nini, na hapo ndipo pana kasoro ya karatasi nyingi za namna hii. Watu wa milima ile hawajapata kuzipenda amri zisizo na sababu. Mwaka 1955 waliwagomea Waingereza waliowalazimisha kuchimba matuta ya ngazi, wala si kwa kutojua thamani ya udongo wao. Sababu ya maziwa ni nyepesi kueleweka. Kidonge cha bisakodili kimevikwa ganda lisilotakiwa kuyeyuka tumboni, bali mbele zaidi, utumboni. Maziwa na dawa za kiungulia huipunguza asidi ya tumbo, ganda likayeyuka kabla ya wakati, na malipo yake ni msokoto na kichefuchefu. Kwa hiyo humezwa kizima, bila kusagwa wala kutafunwa, kwa maji matupu.

Suala la maji ni zito zaidi, kwa kuwa dawa hizi huufanya mwili utokwe na maji mengi kwa muda mfupi. Mwaka 2000 Marekani iliidhinisha vidonge vya fosfeti ya sodiamu, na watu wakafurahi kuepukana na magudulia ya maji ya chumvi. Baadaye ikaonekana kuwa fosfeti iliweza kuganda katika figo za baadhi yao, hasa wazee, waliopungukiwa na maji, na watumiao dawa fulani za presha au za maumivu. Desemba 2008 mamlaka ya dawa ya huko iliamuru vibandikwe onyo lake zito kuliko yote. Novemba 2020 viliidhinishwa vingine, vya salfeti: 12 jioni, 12 asubuhi, na kila mkupuo na maji yanayokaribia lita moja na nusu. Moja ya chumvi zilizomo ni salfeti ya magnesiamu, yaani ile ile haluli ya mabibi.

Mara ya pili mpwa alikusanya dawa zote za mjomba katika mfuko, akaumwaga juu ya meza ya daktari. Mlikuwamo na vidonge vya magoti, ambavyo mzee hakuvitaja kwa kuwa hakuviona kuwa dawa. Damu ikapimwa hali ya figo. Daktari akasema kipi kisimame, kipi kiendelee na saa ngapi. Akaonya kuwa tumbo likivimba na kuwa gumu pasipo kitu kupita, asimeze tena, apige simu.

Walishuka Dar es Salaam siku moja kabla, wakalala kwa ndugu, hatua kumi kutoka chooni. Mchana kutwa mzee alikunywa chai ya rangi na supu iliyochujwa, wala si kinywaji chekundu, kisije kikadhaniwa damu. Nusu ya dawa ilinywewa usiku, nusu alfajiri. Maji ya jiji lile hutoka mto Ruvu, na Ruvu huzaliwa Uluguru. Mzee aliyaonja akasema yamechoka na safari.

Saa kumi na moja alfajiri mpwa alisimama nje ya mlango wa choo.

"Mjomba, kukoje?"

Kimya. Kisha sauti ya mwalimu: "Usiku ilikuwa Mgeta ya masika. Sasa ni Mgeta ya Septemba. Mawe yanaonekana."

Muuguzi aliposikia alicheka, akaandika: safi. Kamera ilikuta vinyama viwili, vikakatwa papo hapo na kupelekwa maabara. Majibu yalipokuja, kimoja kilikuwa kimeanza kubadilika, bado hakijawa saratani. Mzee akapangiwa kurudi kutazamwa tena.

Karatasi ile ya maelekezo anayo bado, na imekwisha kuazimwa na majirani wawili. Pembeni mwa kila amri ameandika sababu yake kwa kalamu nyekundu. Penye maziwa ameongeza: mpaka kesho yake tu.