MZUKA WA KANJI UKIISHA, UNABAKI NA NINI?

Kwa ambao hamjafika Tunduma, hapa ndipo Tanzania inapoishia na Nakonde ya Zambia inapoanzia. Kila siku zinapita gari za IT kutoka bandari ya Dar, nyingi bado zina stika za Kijapani. Mimi ndiye naziosha.

Mwezi wa nane huu najifunza kanji, zile herufi za Kijapani zenye asili ya Uchina. Nautaka ufadhili wa masomo wa serikali ya Japani, unaopitia ubalozi wao Dar. Una kikomo cha umri, na miaka haisubiri.

Tulianza wawili. Mshkaji wangu, jina nalihifadhi, aliingia na moto: kanji 30 kwa siku. Wiki ya tatu chali. Orodha rasmi ya kanji za kawaida ina herufi 2,136, na watoto wa Japani wenyewe wanasoma 1,026 kwa miaka sita ya shule ya msingi. Sasa wewe unataka kumaliza kwa mwezi?

Mimi najibana: tatu kwa siku, hata nikiwa na mzuka wa kumi. Asubuhi kabla ya kushika ndoo naandika za jana bila kuchungulia. Iliyogoma inarudi kwenye foleni, na foleni watu wa Tunduma tunaijua. Nikichoka sana sigusi mpya, ila marudio lazima. Simu naiweka mbali, maana ukifungua video ya kanji unatokea kwenye umbea wa mastaa saa sita usiku.

Halafu kuna zile stika. Kwenye milango ya baadhi ya Noah na Alphard imeandikwa 自動ドア. Herufi ya kwanza ni "yenyewe", ya pili "kusogea": mlango unaojifungua wenyewe. Weka 車 mwishoni badala ya mlango, unapata 自動車, yaani gari. Siku niliyoisoma bila msaada nilicheka peke yangu, sponji mkononi. Furaha ile hainunuliwi.

Watu wananiuliza, "Japani unaenda lini?" Tarehe sina. Nina daftari lenye kanji 500 na ushee, na juzi mshkaji kaja kuliazima. Nimempa kwa sharti moja: tatu tu kwa siku.

Na wewe, unajifunza nini kimyakimya huku wanakucheka? Funguka hapo chini.