Masasi na Lulindi: Nchi ya Waganga Wasiolipwa Mshahara

Msafiri atokaye Lindi kwenda Masasi huiacha pwani na minazi yake, akapita katika mikorosho mingi, na baada ya mwendo wa saa chache huona majabali makubwa yamesimama peke yake katika nchi tambarare, kama ng'ombe waliolala malishoni. Hapo ndipo Masasi, nchi ya Wamakua, Wayao na Wamakonde, kusini mwa Tanzania, si mbali na mto Ruvuma. Kabla ya kufika hupita Ndanda, kwa Wabenediktini, penye maji ya chemchemi yatokayo katika uwanda wa juu wa Makonde. Huko juu kwenyewe maji ni shida, na kwa miaka mingi wanawake walikuwa wakishuka mteremko mrefu alfajiri, wakapanda tena na mitungi kichwani.

Wamisheni walifika Masasi mwaka 1876, wakati Askofu Edward Steere, yule yule aliyeandika kitabu cha sarufi ya Kiswahili, alipoleta kutoka Unguja watu waliokombolewa utumwani, nao wakajenga hapo. Misheni yake, iliyoitwa Misheni ya Vyuo Vikuu, ilikuwa na desturi ambayo karani wa leo angeiona ngumu: watumishi wake kutoka Ulaya hawakulipwa mshahara. Walipewa chakula, nyumba, na fedha kidogo za matumizi. Mwalimu, padre, mwuguzi na daktari wote walikuwa sawa katika jambo hili.

Kwa masharti hayo Dokta Leader Stirling, mpasuaji kutoka Uingereza, alifika nchi hiyo mwaka 1935, akafanya kazi Lulindi, kijiji kilichoko upande wa kwenda Newala. Hospitali yake ilikuwa ya miti na udongo, imeezekwa nyasi. Mtu aliyezoea hospitali za London angeweza kucheka, lakini udongo ulichimbwa papo hapo, na watu wa vijijini walijua kujenga nyumba ya namna hiyo kuliko fundi yeyote wa ng'ambo. Ukuta ukibomoka, hapakuwa na haja ya kungoja meli.

Watu husimulia habari za daktari na kuwasahau wachukuzi. Hata hivyo katika nchi ile mvua hunyesha tangu Desemba mpaka Aprili, na zamani zile njia zilikuwa matope na vijito vilijaa. Mgonjwa asiyeweza kutembea alilazwa katika machela, akachukuliwa na ndugu na jirani zake kwa zamu, mchana na usiku. Watu hawa nao hawakulipwa. Waliacha mashamba yao wakati wa palizi, ambao mkulima yeyote anajua thamani yake, na walipofika hawakurudi mara moja, kwa kuwa mgonjwa alihitaji mtu wa kumpikia.

Tena si kila mgonjwa aliyechukuliwa mapema. Kwanza wazee walikaa shauri, kisha dawa za nyumbani zilijaribiwa, na hofu ya kisu ilikuwa kubwa. Yapasa kusema kweli kwamba hofu hiyo haikuwa upumbavu. Mtu mwenye ngiri iliyonaswa akipasuliwa siku ile ile, aghalabu hupona. Akiletwa siku ya tatu, utumbo umekwisha kuoza. Mama aliyeshikwa na uchungu na mtoto asitoke, naye ni hivyo hivyo. Basi waliochelewa walikufa mikononi mwa daktari, na habari iliyorudi kijijini ilikuwa kwamba fulani alikwenda hospitali akafa. Habari hiyo ilimchelewesha mgonjwa wa pili.

Kilicholegeza hofu katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki kilikuwa sindano ya buba. Vidonda vilivyomtesa mtoto kwa miezi vilikauka kwa siku chache, na watu waliviona kwa macho. Tangu hapo kila mtu alitaka sindano, hata mwenye kuumwa kichwa, jambo ambalo limewasumbua waganga mpaka leo.

Stirling aliwafundisha vijana wa nchi ile kazi ya uuguzi, na huenda hili lilikuwa kubwa kuliko upasuaji wake wote. Mwaka 1949, baada ya kuingia katika Kanisa Katoliki, alihamia Mnero, upande wa Nachingwea. Huko Nachingwea serikali ya Uingereza ilikuwa na shughuli ya ule mpango wa karanga wa mwaka 1947 mpaka 1951, ambao pamoja na sehemu nyingine ulikula pauni milioni 36 na kuacha matrekta yenye kutu. Baada ya uhuru wa 1961 Stirling alikuwa raia wa Tanzania, akawa Waziri wa Afya tangu 1975 mpaka 1980. Alifariki mwaka 2003 katika nchi hiyo hiyo.

Siku hizi kujitolea kumekuwa na sura nyingine. Vikundi vya Wakristo hutoka ng'ambo, au Nairobi na Dar es Salaam, wakafungua kambi ya matibabu chini ya mwembe au shuleni kwa juma moja. Nia yao ni njema, na mtu aliyeng'olewa jino bovu au kupewa miwani hana cha kulalamika. Shida ni mgonjwa wa shinikizo la damu. Bibi mmoja hupimwa, huambiwa habari ambayo hakuijua, hupewa vidonge vya mwezi mmoja, na maradhi yake ni ya maisha. Mwezi wa pili wageni wamekwisha rudi makwao. Vikundi vyenye busara hukaa kwanza na mwuguzi wa zahanati ya pale, humwuliza dawa gani huletwa na serikali kila mara, hutoa dawa hizo tu, na huandika jina la bibi yule katika daftari la zahanati kabla ya kufunga mizigo yao.